Marais wanapovimbiana mtandaoni, kesho wataombana njia

Januari 27, 2025 waasi wa M23 waliingia Goma, mji wa mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Siku mbili baadaye, wakazi wa mji huo wakiwa bado wanahangaikia maji na umeme, vita nyingine ilizuka kwenye mtandao wa X. Safari hii waliovaana walikuwa marais wawili: Cyril Ramaphosa wa Afrika Kusini na Paul Kagame wa Rwanda.

Ramaphosa ndiye aliyetangulia. Wanajeshi wake 13 walikuwa wameuawa katika mapigano hayo, na kwao watu walikuwa wakiuliza vijana wao walipelekwa Kongo kufanya nini. Katika taarifa yake aliwalaumu M23 pamoja na jeshi la Rwanda, ambalo aliliita kundi la wanamgambo. Waziri wake wa Ulinzi, Angie Motshekga, naye akasema rais alikwishaionya Rwanda kwamba mashambulizi yakiendelea yatahesabiwa kuwa tangazo la vita.

Jibu la Kagame halikusubiri balozi. Lilitoka kwenye akaunti yake mwenyewe, na lilikuwa kali: mazungumzo yao ya simu yamepotoshwa, mengine ni uongo mtupu, jeshi la Rwanda ni jeshi, si wanamgambo, onyo hakulisikia, labda kama lilitolewa kwa lugha ya kwao Ramaphosa ambayo yeye haijui. Alichoombwa, alisema, ni kusaidia askari wa Afrika Kusini wapate umeme, chakula na maji. Akamalizia kwamba Afrika Kusini ikitaka makabiliano, Rwanda iko tayari siku yoyote.

Hapo penye umeme, chakula na maji ndipo palipochoma. Viongozi huombana mambo kama hayo kwenye simu na yakaishia humo humo. Yakianikwa hadharani, aliyesemwa kuwa ameonya anaonekana alikuwa akiomba, tena mbele ya wapigakura wake. Akitaka kupiga simu tena wiki ijayo, atapiga kwa uso gani?

Ukiusoma vizuri ugomvi ule, utaona kila mmoja alimtaja mwenzake lakini akizungumza na watu wa kwao. Ramaphosa alikuwa na familia zilizofiwa na Bunge lililotaka majibu. Kagame alikuwa na Wanyarwanda wasiotaka kuona jeshi lao likidharauliwa. Mbele ya umati wa namna hiyo, kulegeza kauli ni aibu, na anayepandisha sauti ndiye anayeshangiliwa.

Si kila kinachowekwa mtandaoni wakati wa vita kina madhara. Februari 25, 2022, uvumi ulipoenea kuwa Rais wa Ukraine, Volodymyr Zelensky, ameikimbia Kyiv, alijirekodi kwa simu usiku akiwa mtaani na wasaidizi wake, akawaambia Waukraine kwamba wote wapo. Hakumtukana mtu. Aliyemtilia shaka aliangalia majengo yaliyokuwa nyuma yake.

Ya Ethiopia yalikuwa mengine. Mwishoni mwa Oktoba 2021, wapiganaji wa TPLF kutoka Tigray wakisonga mbele, Waziri Mkuu Abiy Ahmed aliandika Facebook akiwataka raia wachukue silaha yoyote waliyonayo na kuwazika wapiganaji wa TPLF. Facebook ililiondoa andiko hilo kwa kuwa lilichochea vurugu. Kwa raia mwenye panga mkononi, hayo hayakuwa majigambo, yalikuwa amri.

Sisi wa Afrika Mashariki tumezoea kucheka. Jenerali Muhoozi Kainerugaba wa Uganda alipoandika Oktoba 2022 kwamba yeye na jeshi lake wangeiteka Nairobi chini ya wiki mbili, kisha akauliza akae Westlands au Riverside, Wakenya walimgeuza kichekesho. Tulicheka kwa sababu mpakani kulikuwa shwari. Hata hivyo ilibidi baba yake, Rais Museveni, aiombe Kenya radhi.

Februari 8, 2025 Ramaphosa na Kagame walikutana Dar es Salaam kwenye mkutano wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) na Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC). Tamko lililotoka halikuwa na kejeli hata moja: mapigano yasitishwe, wakuu wa majeshi wakutane ndani ya siku tano. Vita haikusimama, na mji wa Bukavu nao ukaanguka mwezi huo huo. Machi, SADC ikaamua kuondoa majeshi yake Kongo, wakiwemo askari wa Afrika Kusini.

Mwishoni mwa Aprili askari hao walianza kutoka Goma kwa barabara. Njia yao ilipita ndani ya Rwanda hadi Chato, Tanzania. Afrika Kusini ilipitisha vijana wake katika nchi ya rais yule yule ambaye Ramaphosa alivimbiana naye miezi mitatu nyuma. Kiongozi mwenye hasira na simu mkononi angekumbuka hilo kabla ya kubonyeza, kwa kuwa jirani unayemdhalilisha leo ndiye mwenye barabara ya kurudishia watoto wa watu.