JUA LIWASHE TAA, SISI TUTUNZE BETRI

Ndugu msomaji wa Kituntu, jua linatuanikia kahawa na maharage bila kutudai hata senti. Jua hilo hilo linaweza kutuwashia taa usiku.

Umeme wa jua si jambo geni kwetu. Katika miaka ya 1990 mafundi walifundishwa kazi hii hapa hapa Karagwe, katika kituo cha KARADEA. Siku hizi ziko taa zinazotumia umeme kidogo sana. Kwa hiyo hata paneli ndogo inafaa.

Faida za sola haziishii katika nyumba moja. Kibatari kinatoa moshi unaoumiza macho na kifua. Kikianguka, kinaweza kuunguza mtoto au nyumba. Taa ya sola haina moshi wala mafuta. Watoto wako na wa jirani wanasoma pamoja jioni. Jirani anachaji simu kwako. Fedha za mafuta ya taa zinabaki kijijini. Kijana aliyejifunza ufundi anapata kazi karibu na kwao.

Lakini ziko nyumba zenye paneli juu ya bati, na ndani bado kinawaka kibatari. Kwa nini? Betri imekufa. Mara nyingi imekufa kwa kubebeshwa mzigo mkubwa.

Tupige hesabu. Paneli ya wati 50 ikipata jua kali kwa saa 5, inatoa 50 x 5 = 250. Taa 4 za wati 5 zikiwaka saa 4, zinatumia 4 x 5 x 4 = 80. Zinazobaki zinatosha redio na simu, ingawa nyingine hupotea njiani. Siku ya mawingu utapata kidogo. Sasa tazama pasi ya wati 1,000. Kwa nusu saa tu inataka 500! Sola hii haiwezi pasi.

Shika mambo haya:

1. Paneli ielekee kaskazini, iiname kidogo ili mvua iioshe. Kivuli cha mgomba kisiifikie.

2. Wakati wa kiangazi futa vumbi kwa kitambaa chenye maji.

3. Fundi afunge kontrola, kifaa kinacholinda betri. Kikionyesha kuwa umeme umepungua, zima taa mpaka kesho.

4. Betri ya maji iongezwe maji ya betri ya dukani. Usitie ya kisima.

5. Betri iliyokufa usiitupe shambani wala mtoni. Ina risasi, na risasi ni sumu. Irudishe kwa muuzaji au mnunuzi wa betri chakavu.

Pesa za kahawa zikiingia, kaeni baba na mama mpange. Nunueni kwa muuzaji anayetoa risiti na dhamana. Kisha wekeni akiba kidogo kila mwezi, kwa sababu betri huchakaa na siku moja itataka kubadilishwa. Majirani wakiungana, wanaweza kumwita fundi mmoja azikague nyumba zote kwa siku moja.

Jua ni la bure. Kuitunza betri ni kazi yetu.