Swichi Pepe (2): Ujenge Mwenyewe au Uchukue Kifurushi?

Wiki iliyopita tuliona kwa nini seva moja yenye mashine pepe nyingi inahitaji swichi isiyoshikika, ya kupokea pakiti za kila mashine na kuzifikisha zinakotakiwa. Leo tuichukue Open vSwitch, programu huria iliyoanzia katika kampuni ya Nicira huko California, ikatolewa kwa umma mwaka 2009 chini ya leseni ya Apache, na tangu 2016 kulelewa na Linux Foundation. Msimbo wake chanzo uko wazi, na yeyote anaweza kuuchukua akaijenga programu mwenyewe. Wengi wanaodhani kazi hiyo ni ngumu huitafuta shida pasipo pake. Kujenga kwenyewe ni kwepesi. Mzigo huja baadaye, pale programu uliyoijenga inapokutana na mfumo usiojua kwamba ipo.

Ugumu wa zamani ulikuwa wa kweli, na chanzo chake kinajulikana. Programu hii ina sehemu tatu: ovsdb-server inatunza mipangilio, ovs-vswitchd inaamua, na moduli iliyo ndani ya keneli ya Linux inasukuma pakiti. Pakiti ya kwanza ya mkondo mpya ikifika, moduli haijui la kuifanya, hivyo huipandisha kwa ovs-vswitchd. Uamuzi ukishatoka, moduli huuweka kwenye kumbukumbu na pakiti zinazofuata hupita bila kuuliza tena. Moduli hiyo ndiyo iliyowatoa watu jasho. Keneli hubadilisha mambo yake ya ndani toleo baada ya toleo, na moduli iliyojengwa nje yake ilibaki ikikimbizana nayo. Machi 2012 iliingizwa rasmi katika Linux 3.3, lakini mradi uliendelea kutoa nakala ya pembeni hadi ilipoondolewa katika toleo la 3.0, mwaka 2022. Kwa hiyo miongozo inayokuambia uweke chaguo la --with-linux imepitwa na wakati, nayo bado imejaa mitandaoni.

Siku hizi hatua ni chache. Ukiuchukua msimbo kwa Git unaanza na ./boot.sh, kisha ./configure, make, na mwisho make install kwa mamlaka ya msimamizi. Unahitaji kompaila ya GCC au Clang pamoja na Python 3. Kabla ya kufunga, make check huendesha majaribio mengi ya mradi wenyewe, na sioni sababu ya kuyaruka. Mtego uko katika hatua ya ./configure. Usipoiambia kitu, kila kilichojengwa huenda chini ya /usr/local, hata soketi ya hifadhidata, ambayo hukaa ndani ya /usr/local/var/run/openvswitch. Sasa tuseme mashine hiyo tayari ina kifurushi cha Debian au Ubuntu, na seva ya kifurushi ndiyo inayofanya kazi. Ukiandika ovs-vsctl show, mfumo kwa kawaida huanza kutazama /usr/local/bin, unaiamsha amri mpya, nayo inaitafuta soketi mahali ambapo hakuna mtu anayesikiliza. Jibu linalotoka ni kwamba muunganisho na hifadhidata umeshindikana. Fundi huanza kuilaumu kompaila, ilhali kompaila ilishamaliza kazi yake vizuri. Dawa ni kuondoa kifurushi kwanza, kisha kujenga kwa --prefix=/usr --localstatedir=/var --sysconfdir=/etc.

Atatokea wa kuuliza: kama ni hivyo, kwa nini usichukue kifurushi yakaisha? Kwa ofisi ya kawaida namuunga mkono kabisa. Hata DPDK, maktaba inayoiwezesha swichi kushughulikia pakiti bila kupitia keneli, si sababu ya kutosha peke yake, kwa kuwa Ubuntu ina kifurushi kilichokwisha kuunganishwa nayo. Sababu ya kweli hujitokeza unapohitaji rekebisho ambalo halijafika kwenye kifurushi, au toleo mahsusi la DPDK kwa ajili ya kadi mpya ya mtandao. Na hapo matoleo lazima yaoane, kwa mfano Open vSwitch 3.1 huenda na DPDK 22.11. Hoja ya pili, kwamba aliyejenga mwenyewe yuko salama zaidi kwa kuwa msimbo ameuona, hainishawishi. Kuwa na msimbo si kuusoma. Tena apt haina habari na ulichokifunga kwa make install. Tundu la usalama likigunduliwa, hakuna wa kukuletea kiraka. Itakubidi ufuatilie matangazo ya mradi wewe mwenyewe, mwaka hadi mwaka.

Ipo njia ya kati ambayo inasahaulika mno: kutumia msimbo huohuo kutengeneza kifurushi chako. Matoleo ya karibuni yana make debian-deb, na kwa jamii ya Fedora ipo make rpm-fedora. Unapata rekebisho unalolitaka, na mfumo unajua kilichofungwa na namna ya kukiondoa. Ukishakifunga, linganisha majibu mawili: ovs-vswitchd --version inakuambia toleo lililo kwenye diski, na ovs-appctl version inaiuliza programu inayofanya kazi wakati huo. Yakitofautiana, bado unatumia swichi ya zamani, na kuiwasha upya ndiko tutakakoanzia wiki ijayo.