Huna Pool? Mwili wa Maji Unajengwa Mtaani

Msee wa maji mwenye anaishi Kayole, Dandora ama Githurai anajua venye form iko. Pool za karibu ni za hoteli na shule za wadosi. Kiingilio kinameza doo ya lunch ya siku kadhaa, na Julai ikifika, baridi ya Nairobi inafukuza hata wenye wako na ganji. So wengi wanangoja tu. Siku ya maji ikifika, raundi ya kwanza wanakata fiti, ya pili mabega yanawaka, ya tatu wameshika ukuta wakihema.

Manze, usingoje. Maji ndiyo inakufunza staili, lakini nguvu, pumzi na mwili kunyooka unaweza zijenga hapo nje ya keja, bila kulipa mtu.

Cheki risto ya Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta. Aliingia Olimpiki ya Sydney 2000 akiwa ameanza kuogelea mwaka huo huo, tizi yake ikiwa kwa pool ndogo ya hoteli pale Malabo. Pool ya mita 50 alikuwa hajawahi iona. Wapinzani wake wawili walitolewa juu waliruka kabla ya wakati, akabaki solo. Kuenda alienda sawa. Kurudi, mikono na miguu zikakataa, akamaliza mita 100 kwa dakika 1 na sekunde 52.72, watu wakimshangilia ile mbaya. Roho alikuwa nayo. Chenye kiliisha ni mwili, na huo ndio wewe unaweza fanyia mboka mtaani. Naye hakuachia hapo: 2012 akawa kocha wa timu ya nchi yake.

Mikono

Ingia kwa fundi wa baiskeli, itisha blada, zile tyuba nzee zenye wasee wa boda hufungia mzigo. Pitisha kwa grili ya dirisha yenye imeshika vizuri. Shika ncha mbili, rudi nyuma mpaka ivutike, inama kiunoni mgongo ukiwa flati, mikono mbele. Sasa vuta: kiwiko kibaki juu ya kiganja, mkono upite chini ya kifua, umalize ukigusa paja. Hesabu 15, pumzika, rudia mara nne. Kurudisha ndio siri, rudisha polepole. Ukiachilia blada ikuvute, bega litalia. Na kila siku uikague kwanza. Ka imeanza kupasuka, tupa, juu ikikatika inaweza kukuchapa macho.

Mwili

Simama, mgongo kwa ukuta. Inua mikono, kiganja juu ya kiganja, ubane masikio na mikono. Kiuno kigusane na ukuta. Ka kiuno kinaachana na ukuta ukiinua mikono, mabega yako yamekazana, na kwa maji hiyo inashusha makalio na miguu. Mwili ukishuka unavuta maji mingi, na maji ni nzito kuliko hewa karibu mara 800. Kaa hapo ukipumua, kila siku ya tizi, mpaka ifunguke. Ongeza plank, tumbo limekazwa, usiache kiuno kianguke.

Miguu

Lala kifudifudi juu ya benchi, miguu ikining'inia nje, upige kiki ndogo ndogo. Nguvu itoke kwa nyonga. Goti likikunjwa sana unaendesha baiskeli, hauogelei. Ukimaliza, keti juu ya visigino, vidole vikiangalia nyuma. Kifundo chenye kinanyooka ndicho kinasukuma maji. Wasee wengi wa boli wako na vifundo ngumu, so hapa wasiruke.

Pumzi

Mita 100 kwa msee wa kawaida ni kama dakika mbili. So ruka kamba dakika mbili, pumzika nusu dakika, rudia mara sita. Ka kamba haiko, panda ngazi za ploti. Halafu jaza beseni maji safi, ingiza uso, toa hewa yote kwa pua, geuza kichwa kando uvute hewa kwa mdomo, rudi. Hiyo tu itakutoa ile uoga ya kubana pumzi, yenye huchosha wanaoanza.

Mashindano ya nani atakaa chini ya maji mrefu, kataa. Unaweza zima ghafla bila hata kuhisi, na ka uko solo, umeenda.

Na ingine ya maana: usidanganywe na mbogi mwende kwa kwari ama dam mvua ikinyesha. Pale chini kuna matope, mawe na shimo zenye hakuna mtu ameziona, na hakuna msee wa kukuokoa. Mtaa umezika vijana wa kutosha. Afadhali blada miezi sita kuliko kwari siku moja.

Piga hizi tizi siku nne kwa wiki, upumzike tatu. Ikiuma kwa bega, wacha, usilazimishe. Ukipata doo ya pool, ingia na staili kwa akili, juu mwili tayari uko. Blada iko kwa fundi wa karibu. Ifuate leo, na umwite beshte mpige pamoja.