Msonge wa Namugongo

Sogeeni karibu. Nyumba ya msonge mnaijua: ukuta wa duara, paa la nyasi lililochongoka, moshi ukijipenyeza juu. Sasa niwaambie, niliwahi kuona msonge ambao ungemeza nyumba zetu hizi zote.

Tulipanda basi Musoma, tukavuka mpaka pale Sirari, tukaikata Kenya kupitia Kisumu hadi Busia, ndipo tukaingia Uganda. Miguu ilivimba kama mihogo, hayo tuyaache. Tulikuwa mahujaji wa Namugongo, nje kidogo ya Kampala.

Kanisa la pale halina nyasi. Limezungukwa na nguzo zilizovikwa shaba, zimeinama zote kuelekea kileleni. Msanifu wake, Justus Dahinden, alikuwa Mswisi, lakini akachagua umbo la nyumba ya Waganda. Lilifunguliwa mwaka 1975. Mimi namsifu: mgeni aliyetazama kwanza wenyeji wanalala wapi.

Nguzo ni 22, kila moja kwa ajili ya shahidi mmoja Mkatoliki. Hao walikuwa wahudumu na watu wa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, walioshika dini mpya, wakaamriwa kuiacha, wakakataa. Wengi wao walichomwa moto hapo Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Karoli Lwanga alichomwa peke yake, na altare imesimama mahali penyewe. Mdogo kuliko wote aliitwa Kizito, wa miaka kama 14. Ndiyo, wewe unayecheka huko nyuma, jina lako limetoka huko. Waanglikana nao waliuawa, na wana mahali pao pa ibada jirani.

Kwetu Mara safari hiyo ina jambo jingine. Mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilianzisha mchakato wa kumwombea Mwalimu Nyerere atangazwe mwenyeheri, na mjane wake, Mama Maria, mwenyewe ameshahiji Namugongo mara nyingi kuombea nia hiyo.

Basi nikaanza kuzihesabu zile nguzo. Nikapata 21. Nikarudia: 21. Bibi mmoja wa Kiganda akanicheka, akanivua kofia na kuiweka chini ya nguzo ya kwanza ili nijue nilipoanzia. Tukazunguka pamoja, taratibu, kila nguzo akiigusa kwa kiganja.

Ile niliyokuwa nairuka ilikuwa imeegemewa na mvulana aliyechoka safari, amelala fofofo, viatu vyake mapajani.