Durban: Mto ukijaa, sumu huhama

Kaskazini mwa kitongoji cha Sydenham mjini Durban, Mto Umgeni hupita kando ya viwanda na maghala ya Springfield. Kilomita chache mbele, katika eneo la Blue Lagoon, mto huo huingia Bahari ya Hindi.

Kati ya Juni na Agosti, mvua zinapoadimika, maji hupungua na kwenda taratibu. Huweza kuonekana maangavu, lakini wepesi huo wa macho si usafi. Risasi, zinki, shaba na kromiamu kutoka viwandani na barabarani hushikamana na chembe za udongo na kuzama nazo kwenye tope.

Mvua za kwanza zinaponyesha huosha mitaa: zinki ya matairi na mabati, shaba ya breki za magari. Mkondo ukishapata nguvu hulichimbua pia tope la zamani.

Hapo ndipo vipimo huweza kumhadaa mpimaji. Mathalani, maji yakiongezeka mara 10 na kiwango cha risasi katika kila lita kikipungua kwa nusu, mto utaonekana umepata nafuu. Kumbe risasi inayosafirishwa imeongezeka mara 5.

Mabwawa nayo yana sehemu yake. Midmar, Albert Falls, Nagle na Inanda huwapatia wakazi maji, jambo ambalo hakuna anayelilaumu, lakini hupunguza pia mafuriko madogo ambayo yangeusafisha mto kidogo kidogo. Taka hukaa hadi yanapokuja mafuriko makubwa, kama yale ya Septemba 1987, au ya Aprili 2022 yaliyoua zaidi ya watu 400 katika jimbo la KwaZulu-Natal.

Si tope lote linalofika bahari kuu. Maji ya mto yanapokutana na chumvi, chembe ndogo hugandana na kutuama, na mlangoni mwa Umgeni ipo mikoko ya Beachwood, makazi ya kaa na samaki wachanga.

Wakazi wa Dar es Salaam wanaijua hali hiyo kwa Mto Msimbazi, ambao mafuriko yake huacha tope katika bustani za mchicha bondeni.

Kwa sababu hiyo, chupa moja ya maji iliyochotwa siku ya jua haitoshi. Sharti upimwe pia mtiririko wenyewe, lipimwe na tope, na sampuli zichukuliwe mvua ingali inanyesha.