Admirali: Cheo cha baharini chenye asili moja na 'amiri'

MANOWARI ya kigeni inapotia nanga katika bandari ya Mombasa, huenda kiongozi wa msafara akawa rear admirali, ilhali mwenyeji wake katika Jeshi la Wanamaji la Kenya ni meja jenerali. Ni yupi kati yao aliye na cheo kikubwa?

Admirali, neno ambalo wengine huliandika admeri, ni cheo cha maafisa wa ngazi ya juu kabisa katika jeshi la wanamaji. Ingawa Waswahili walilipokea kupitia Kiingereza, mzizi wake ni neno la Kiarabu lenye maana ya mtoa amri au mtawala. Neno hilo ndilo lililokipa Kiswahili 'amiri'. Kwa hivyo, Rais wa Kenya anapotajwa kama Amiri Jeshi Mkuu, anaitwa kwa jina lenye asili moja na admirali.

Ulaya ililipata neno hilo kutoka pwani za Mediterania zilizotawaliwa na Waarabu, hasa kisiwa cha Sicily. Katika karne ya 12, George wa Antiokia, aliyeongoza meli za Mfalme Roger II wa kisiwa hicho, aliitwa amiri wa maamiri. Polepole, jina lililomfaa mtawala yeyote likawa la mkuu wa meli za kivita.

Zama za meli za matanga, Waingereza waliligawa kundi la manowari zao katika sehemu tatu. Admirali alikaa katikati, makamu wake akatangulia mbele, naye afisa wa tatu akalinda nyuma. Ndiyo sababu wa tatu huyo huitwa rear admirali, yaani admirali wa nyuma, hata kama siku hizi anafanya kazi ofisini.

Katika majeshi mengi, rear admirali hulingana na meja jenerali, makamu wa admirali na luteni jenerali, naye admirali kamili na jenerali. Marekani iliwahi kuongeza cheo cha nyota tano wakati wa Vita Vikuu vya Pili, na ni maafisa wanne pekee waliokipata, akiwemo Chester Nimitz.

Kenya, iliyoanzisha jeshi lake la wanamaji Disemba 12, 1964, haitumii vyeo hivi. Maafisa wake wa majini hupewa vyeo sawa na vya wenzao wa nchi kavu. Hivyo, Joseph Kibwana (2000-2005) na Samson Mwathethe (2015-2020), waliotoka kwa wanamaji na kuwa wakuu wa majeshi yote, walikuwa majenerali. Tanzania, kwa upande wake, hutumia vyeo vya admirali.

Basi mgeni yule na mwenyeji wake wako sawa kwa cheo. Hata hivyo, kumwita kamanda wa wanamaji wa Kenya admirali ni kumvika cheo ambacho nchi yake haijampa.