Seli za Henrietta zilizokataa kufa

Mapema mwaka 1951, katika Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, daktari alikata kipande cha uvimbe kwenye mlango wa kizazi wa Henrietta Lacks, mama wa watoto watano. Hakuna aliyemwomba ruhusa ya kukifanyia utafiti. Oktoba mwaka huohuo alifariki dunia, akiwa na miaka 31. Seli zake, zinazoitwa HeLa, zinaendelea kugawanyika maabarani hadi leo.

Kwa nini hazifi?

Kila seli imezaliwa na uwezo wa kujiua. Vinasaba vyake vikiharibika, protini ya p53 hujikusanya na kusimamisha mgawanyiko ili marekebisho yafanyike. Uharibifu ukizidi, p53 huamsha jeni nyingine, zikiwemo PUMA na BAX, ambazo protini zake husababisha utando wa nje wa mitokondria kutoboka. Yanayovuja humo huamsha vimeng'enya viitwavyo kaspasi, navyo huikatakata seli kutoka ndani. Seli hunywea, humegeka, na mabaki yake humezwa na jirani zake.

Karibu nusu ya saratani za binadamu zina jeni ya p53 iliyoharibika. Ajabu ni kwamba ya HeLa ni nzima! Miaka ya 1980, kundi la Harald zur Hausen nchini Ujerumani lilikuta ndani ya seli hizo virusi vya HPV aina ya 18. Virusi hivyo hutengeneza protini ya E6, ambayo hutumia kimeng'enya cha seli yenyewe kuitia p53 alama ya kusagwa. Ni mlinzi anayetekwa kila jioni kabla hajafika lindoni.

Mwaka 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walizima jeni za virusi ndani ya HeLa. p53 ikarejea, na seli zilizogawanyika karibu nusu karne zikasimama na kuzeeka.

Hapo ndipo uzito wa chanjo ya HPV unapoonekana. Rwanda iliianza mwaka 2011, Tanzania 2018, Kenya 2019, nayo inawafaa zaidi wasichana ambao bado hawajakutana na virusi. Haivifukuzi virusi vilivyokwisha kuingia. Kwa hiyo mama mtu mzima anahitaji kupimwa. Vituo vingi vya afya hupaka siki kwenye mlango wa kizazi, na panapogeuka peupe hutibiwa mapema, kabla saratani haijaanza.